Kitabu kinasema 2,680, bunduki inasema 2,541

Shida yenyewe ni hii. Jamaa ana bunduki ya saizi ya .308, anajaza risasi zake mwenyewe akifuata kitabu cha kampuni ya baruti, na kitabu kinamwambia kwa kipimo hicho cha baruti na kichwa (ile sehemu ya risasi inayoruka) cha greni 168, karibu gramu 11, atapata futi 2,680 kwa sekunde. Akaenda kupima akapata 2,541. Futi 139 zimepotea na hajui zimeenda wapi. Jamaa ni binamu yangu, mtoto wa shangazi, anaendesha malori huko Minnesota, Marekani, na mimi niko hapa Nakuru nafundisha fizikia, kwa hivyo kitu chochote kikiwa na hesabu ndani yake lazima kitaishia kwa simu yangu, saa zingine saa nane usiku.

Kabla sijaendelea, wa hapa nyumbani msianze kuniuliza mashine zinauzwa wapi. Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977, na sheria yetu ya silaha, Cap 114, hairuhusu raia kukaa kwa nyumba akitengeneza risasi. Huko kwao ni halali na ni hobi ya kawaida kabisa, mtu ana mashine yake kwa gereji karibu na friji. Pia sitataja ni baruti gani wala ni ngapi, hayo yanatoka kwa kitabu cha mtengenezaji peke yake, si kwa mwalimu wa Nakuru.

Ilianzia kwa bamba la chuma. Kuna uwanja wa shabaha anaenda, wameweka bamba yadi 500, na yeye alikuwa ameingiza ile 2,680 ya kitabu kwa programu ya simu inayohesabu kichwa kitashuka kiasi gani njiani, akazungusha darubini vile programu imesema, akapiga, vumbi linaruka chini ya bamba karibu inchi 10. Tena na tena. Akalaumu darubini, akakaza skrubu zote, akalaumu upepo (upepo wa kutoka juu kwenda chini ndio huo sasa), mwishowe akanunua kronografu, chombo cha kupima spidi ya risasi, ya mtumba. Hapo ndipo 2,541 ikatokea, na meseji ikaingia: "Bro, kitabu kinasema bado kuna nafasi, niongeze baruti kidogo kidogo mpaka nifike 2,680?"

Nikamwambia usiguse kitu. Nitumie kwanza namba zote, si wastani peke yake, namba zote, na uniambie hali ya hewa, na upime mtutu.

Akapiga picha ya daftari. Risasi kumi, mpangilio ni vile zilivyotoka: 2,529, 2,548, 2,537, 2,556, 2,541, 2,522, 2,551, 2,538, 2,560, 2,528. Halafu pembeni kuna moja imekatwa kwa kalamu mara mbili lakini bado inasomeka, 3,014.

Hiyo 3,014 ndiyo nilitaka kuongea kwanza kwa sababu ni mambo mawili tofauti kabisa. Inaweza kuwa chombo kimedanganywa, na hiyo ni kero tu. Inaweza pia kuwa kweli risasi moja ilijazwa vibaya, na hiyo ni hatari ya kupoteza jicho. Risasi ya kipimo kile kile hairuki futi 470 juu ya wenzake hivi hivi tu, na kama ingekuwa kweli basi bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, ingekataa kufunguka ama fataki, ile kofia ndogo nyuma ya ganda inayowasha baruti, ingekuwa imebonyea bapa ama imetoboka. Nikamuuliza aliangalia ganda? Aliangalia, na hapo nampa heko, alisimama palepale akatoa ganda, bolti ilifunguka laini, fataki iko sawa na zingine, akalitenga kando. Ndipo akaangalia juu akaona jua lilikuwa linapenya katikati ya matawi ya misonobari na kivuli kinacheza juu ya macho ya chombo. Kwa hivyo tukaitoa kwa hesabu lakini haijafutwa, iko kwa daftari na sababu yake imeandikwa. Ukianza kufuta namba kwa sababu tu hujazipenda, hiyo si kupima tena.

Sasa chombo chenyewe. Kronografu ya aina hii ni macho mawili yanayoangalia juu, kichwa kikipita jicho la kwanza saa inaanza, kikipita la pili saa inasimama, umbali gawanya kwa muda, basi. Ni hesabu ya kidato cha pili. Ugumu ni kwamba macho yake yako futi moja tu mbali, na kwa spidi hiyo kichwa kinachukua kama sehemu 394 za milioni ya sekunde kutoka jicho moja hadi lingine, sasa hebu fikiria ukikosea umbali wa macho kwa theluthi moja tu ya sentimita. Hiyo ni asilimia moja ya futi, na asilimia moja ya 2,541 ni futi 25 nzima. Yake ni ile ya kukunjwa katikati, ya mtumba tena, bawaba imelegea, nikajiambia hapa ndipo mchawi yuko. Shika hapo, tutarudi.

Wastani wa zile kumi ni 2,541 kamili. SD, yaani kipimo cha vile namba zimetawanyika, ni 12.6. Ya juu kutoa ya chini ni 38. Yeye alikuwa ametamba kwa grupu ya familia ati SD yake ni 10, mamake akajibu "hongera mwanangu" bila kujua ni nini, kumbe alihesabu zile tano za kwanza peke yake. Kwa risasi tano, ukipata SD ya 10 ukweli wa hiyo risasi unaweza kuwa popote kati ya 6 na 30 hivi. Kwa kumi, 12.6 yake inaweza kuwa kati ya 9 na 23. Ndiyo maana ukiona mtu ametoa SD ya 4 kwa risasi tatu unatabasamu tu unapita. Wastani ni mpole zaidi, unatulia haraka: na risasi kumi za utawanyiko huo, wastani wake ni 2,541 ongeza au toa 9. Maana yake zile 139 si bahati mbaya ya siku. Ziko kweli, na zina mwenyewe.

Twende kwa mtutu. Yeye alikuwa anasema mtutu wake ni inchi 22, "karibu tu na ya kitabu". Nikamwambia ahakikishe bunduki haina kitu ndani, aangalie mara ya pili, afunge bolti, ashushe fimbo ya kusafishia kutoka mdomo wa mtutu mpaka iguse bolti, azungushe tepu pale mdomo unapoishia, atoe apime. Ndivyo mtutu wa bunduki ya bolti unavyopimwa, kutoka uso wa bolti, na ile sehemu risasi inakaa nayo iko ndani ya hesabu. Akatuma picha ya fimbo imelala juu ya meza ya jikoni kando ya chupa ya chai na rula ya chuma: inchi 20.

Kitabu chake kimeandika kwa herufi ndogo juu ya ukurasa kwamba mtutu wao wa majaribio ni inchi 24. Hiyo ndiyo kawaida ya .308, hata SAAMI, shirika la Marekani linaloweka vipimo vya risasi tangu 1926, hutumia inchi 24 kwa hiyo risasi. Gesi ya baruti inasukuma kichwa kwa muda wote kiko ndani ya mtutu, ukiufupisha umekatiza msukumo mapema. Kwa .308 kila inchi ni futi 20 hadi 25 hivi. Inchi nne, basi ni kati ya 80 na 100. Hapo tu, kabla hatujagusa kitu kingine, zaidi ya nusu ya deni imelipwa.

Alikasirika kidogo. Ati kwa nini kitabu kisiandike namba ya bunduki za watu wa kawaida. Lakini kitabu hakikumwahidi kitu, kiliripoti mtutu mmoja, loti moja ya baruti (yaani iliyotengenezwa kwa mkupuo mmoja), fataki ya aina fulani, ganda la aina fulani, na mara nyingi huo mtutu wa majaribio umechongwa kwa vipimo vya kubana kabisa kuliko bunduki ya dukani. Ni kama ile karatasi ya pikipiki inayosema lita moja kilomita sijui ngapi, halafu mtu wa boda anapanda nayo Londiani na abiria wawili na gunia.

Ya pili ni umbali. Kronografu aliiweka futi 15 mbele ya mdomo, kama inavyotakiwa, ikikaa karibu sana moshi na mlipuko unachanganya macho. Lakini kichwa kinaanza kupoteza spidi mara tu kinapotoka, kwa greni 168 ni karibu futi mbili kwa kila yadi, futi 15 ni yadi tano, kwa hivyo kumi zimeenda. Kama kitabu kimerudisha hesabu mpaka mdomoni lazima wewe pia urudishe. Hapa mwanafunzi wangu mmoja angeuliza je ingekuwa Nakuru, na jibu ni kwamba hapa mita 1,850 juu ya bahari hewa ni nyepesi kama asilimia 16 hivi kuliko pwani, kichwa kingepoteza kidogo zaidi ya nane badala ya kumi, ila spidi ya mdomoni haingejali, ndani ya mtutu hewa ya nje haina sauti mbele ya gesi ya pauni 62,000 kwa inchi mraba, ambayo ndiyo mwisho SAAMI imeweka kwa .308.

Ya tatu ndiyo tamu, baridi. Siku hiyo ilikuwa digrii 4 chini ya sifuri na boksi la risasi lilikuwa limekaa juu ya benchi ya zege tangu asubuhi. Baruti ikiwa baridi inaungua polepole, presha inashuka, spidi inashuka. Zipo za kisasa zilizotengenezwa zisijali sana na zipo za zamani zinazojali, na kwa jumla ni kuanzia chini ya nusu futi hadi futi nzima kwa kila digrii ya Farenhaiti. Majaribio ya vitabu hufanywa karibu nyuzi 21 za kwetu. Tofauti ni nyuzi 25, kwa Farenhaiti 45, kwa hivyo baridi inaweza kuwa imekula 20, inaweza kuwa imekula 45.

Jumlisha: mtutu 88 tuseme, umbali 10, baridi 30, inafika 128. Zinabaki 11. Na chombo chenyewe kikiwa sahihi kwa nusu asilimia tu tayari ni 13. Ningeweza kusimama hapo nikasema kesi imefungwa, na watu wengi husimama hapo, lakini angalia vile nimechagua namba za katikati zinazonifaa. Ukitumia za chini unapata 110, ukitumia za juu 155. Makadirio matatu yaliyojumlishwa yakaangukia pale unapotaka si ushahidi.

Kwa hivyo nikamwambia anunue boksi moja la risasi za dukani, kichwa greni 168 vilevile, zilizo na spidi imeandikwa kwa boksi, azipige siku ile ile moja na za kwake, bunduki ile ile, chombo kile kile, akibadilishana, moja ya duka moja yake. Akalalamika bei. Akanunua. Akangoja siku ya baridi kama ile ya kwanza. Boksi liliandika 2,650. Zilitoka wastani wa 2,530, na za kwake zikarudi 2,541 tena, nilishangaa kidogo kwa uzuri wake.

Sasa soma hapo. Risasi za kiwandani, ambazo hakuna mtu wa gereji amezigusa, nazo zimepungukiwa futi 120. Za kwake zimepungukiwa 139. Yaani ugonjwa karibu wote ni wa bunduki na hali ya hewa na chombo, si wa mkono wake wala mizani yake wala kitabu chake. Zinazobaki za kwake binafsi ni 19 tu. Na utamu wa njia hii ni kwamba hitilafu ya chombo inajifuta yenyewe, kama kinasoma chini kinasoma chini kwa zote mbili. Tena kumbuka hata za duka zina uhuru wao, SAAMI inaruhusu wastani wa loti kutofautiana na namba iliyotangazwa kwa futi 90 juu au chini. Tisini! Watu wanagombana juu ya futi 15 na kiwango chenyewe kimeacha mlango wazi hivyo.

Hizo 19 hazikuwa bahati, kwa risasi kumi kumi zilikuwa kubwa kiasi cha kuaminika. Nilidhani ni loti ya baruti. Yeye alidhani ni baridi, kwamba baruti yake ni ya zile za zamani na ya kiwandani ni ngumu zaidi. Tukaacha mpaka Julai.

Julai, nyuzi 27, rafiki yake wa uwanja akamwazima rada, ile ndogo inayokaa kando ya bunduki na kufuata kichwa kikienda kisha inarudisha spidi ya mdomoni. Nilimsihi asiache kronografu ya zamani nyumbani, kwa sababu ukibadilisha hewa na chombo kwa wakati mmoja utabaki hujui ni nani amefanya nini. Akaweka vyote viwili. Risasi zake kwa rada: 2,590. Kronografu kwa risasi zilezile: 2,578. Tofauti 12, na kumi kati yake ni zile za umbali wa futi 15. Kwa hivyo kile chombo cha mtumba chenye bawaba imelegea, ambacho nilikuwa nimekishuku tangu siku ya kwanza, kilikuwa kinasema ukweli wakati wote. Mchawi hakuwa hapo.

Za duka kwa rada: 2,567. Fanya hesabu sasa. Za duka zimepungukiwa 83 kwa boksi lao, zake zimepungukiwa 90 kwa kitabu chake. Ile 19 ya msimu wa baridi imekuwa 7. Binamu alikuwa sawa, baruti yake inaumia na baridi kuliko ya kiwandani: kwa kronografu ile ile alitoka 2,541 hadi 2,578, futi 37 kwa mabadiliko ya Farenhaiti 56, karibu thuluthi mbili za futi kwa kila digrii. Na hizo 90 zilizobaki ndizo inchi nne za mtutu, zaidi kidogo ukizingatia kwamba nyuzi 27 tayari ni moto kuliko siku ya kitabu. Kama 24 kwa inchi.

Sasa rudi kwa ile meseji yake ya kwanza, niongeze baruti mpaka nifike. Tuseme nilikuwa nimelala nikajibu "sawa". Angekuwa amesimama kwa baridi ya chini ya sifuri akiongeza na kuongeza apate futi 139, na nyingi kati ya hizo mtutu wa inchi 20 hauwezi kuzitoa bila presha kupita ile ambayo mtutu wa inchi 24 ulitumia. Spidi haitoki hewani, inatoka kwa presha. Halafu risasi zile zile angezibeba Julai, zimelala kwa gari lenye dirisha limefungwa juani, na joto linaongeza futi zake 37 na presha yake juu ya kile tayari kilikuwa kimepita kiasi. Baridi ingekuwa imemficha dalili zote, bolti laini, fataki sawa, mpaka siku ya jua. Hii ndiyo sababu sikutaka kusikia habari ya kuongeza. Kinyume chake pia kinahesabika: mtu akipata spidi juu ya kitabu kwa mtutu mfupi kuliko wa kitabu asifurahie, ashuke.

Na bamba la yadi 500? Spidi ikiwa chini asilimia 5, kushuka njiani kunaongezeka kama asilimia 11, kwa sababu muda unaingia kwa mraba. Kwa yadi 500 hiyo ni inchi 7 au 8, na hewa ya baridi ni nzito inaongeza zake kidogo, hapo unakaribia zile inchi 10 za vumbi. Darubini haikuwa na shida yoyote. Ameingiza kwa programu 2,551 ya msimu wa baridi, yaani 2,541 na zile kumi za umbali, na 2,590 ya msimu wa joto, na bamba linalia sasa. Ameacha kipimo chake cha baruti palepale kilipokuwa.

Wiki iliyopita kopo la baruti liliisha, akanunua lingine la jina lile lile, namba ya loti ni tofauti. Amerudi kwa kipimo cha kuanzia cha kitabu, anapanda polepole, na ameniuliza kama ni lazima anunue tena boksi la duka la kulinganisha. Nimemwambia zilibaki chache kwa lile la kwanza, atumie hizo.